Shule ina wahitimu asilimia 97: je, mwanangu atafika chuo kikuu?

Mama mmoja aliyehamia kitongoji cha kaskazini mwa Dallas, Texas, ameniandikia hivi:

"Tumefika mwezi wa sita kutoka Dar es Salaam. Kijana wangu ana miaka 15, alikuwa Kidato cha Tatu. Shule ya serikali ya hapa mtaani ina wanafunzi zaidi ya 2,500 na uwanja wa mpira ambao kwetu ungeitwa wa taifa. Ripoti yao inasema wahitimu ni asilimia 97. Mwanangu wamempanga darasa la tisa, na hesabu wamempa Aljebra ya Kwanza. Yeye anataka soka na bendi. Baba yake anasema michezo itamharibia masomo. Shemeji yangu anasema shule ya serikali ni ya wasio na uwezo, tujibane tumpeleke ya kulipia. Mdogo wake wa kike anaanza darasa la tano. Nitajuaje kama shule hii itamfikisha chuo kikuu?"

Dada yangu, karibuni Texas, na umefanya vizuri kuuliza kabla shule hazijafunguliwa. Jibu langu kwa ufupi: mwache shuleni hapo, mruhusu acheze, ila usikubali Aljebra ya Kwanza. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine yote uliyoyataja, na ndilo umelitaja kwa haraka zaidi.

Tuanze na hiyo asilimia 97, maana ndiyo inayowatuliza wazazi wengi. Namba hiyo hupatikana hivi: wanachukuliwa wanafunzi walioanza darasa la tisa pamoja, wanaongezwa waliohamia baadaye, wanaondolewa waliohamia shule nyingine au waliotoka nje ya nchi, kisha inahesabiwa ni wangapi kati ya waliobaki wamepata cheti ndani ya miaka minne. Kwa Marekani nzima wastani ni kama asilimia 87, kwa hiyo 97 ni nzuri kweli. Inakueleza kwamba watoto hawapotelei njiani. Haikuelezi wamesoma nini.

Cheti cha Texas kinahitaji krediti 22 (moja ni kama somo la mwaka mmoja): Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, lugha nyingine 2, sanaa 1, mazoezi ya viungo 1, na masomo 5 ya kuchagua. Mwenye kuongeza mchepuo maalumu, kwa mfano wa sayansi na hesabu au wa biashara na viwanda, anafikisha krediti 26. Juu ya hapo kuna mitihani mitano ya jimbo iitwayo STAAR: Aljebra ya Kwanza, Kiingereza cha kwanza na cha pili, Biolojia, na Historia ya Marekani. Sasa fikiria vijana wawili wa shule hiyo hiyo. Mmoja amemaliza na krediti 22, hesabu akaishia ngazi za chini. Mwingine amemaliza kalkulasi, fizikia na kozi nne au tano za AP, yaani zile za kiwango cha chuo kikuu ambazo mitihani yake husimamiwa na College Board kila mwezi Mei. Siku ya mahafali wanavaa joho la rangi moja na wote wawili wamo kwenye ile 97. Mmoja anaanza uhandisi, mwingine anaanza kutafuta kozi za kuziba pengo. Shule kubwa ya kitongojini ina shule tatu au nne chini ya paa moja, na mtoto anaingizwa katika mojawapo kwa fomu ya kuchagua masomo, mara nyingi mzazi akiwa bado anafungua mabegi.

Ndiyo maana Aljebra ya Kwanza inanisumbua. Hesabu za hapa zinapangwa kama ngazi: Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, maandalizi ya kalkulasi, halafu kalkulasi. Mwaka mmoja, kidato kimoja cha ngazi. Anayeanza Aljebra ya Kwanza darasa la tisa anafika darasa la kumi na mbili akiwa kwenye maandalizi ya kalkulasi, na kalkulasi yenyewe hajaigusa. Wenzake wengi wa kitongoji hicho wamemaliza Aljebra ya Kwanza darasa la nane. Kwa hiyo kijana wako hakupangwa mwanzo wa safari pamoja na wenzake. Amepangwa nyuma yao, na hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, ameona cheti kilichoandikwa "Basic Mathematics", akadhani ni hesabu za msingi kweli.

Wewe na mimi tunajua kilichomo ndani ya somo hilo. Silabasi ya Kidato cha Pili iliyosomwa kizazi baada ya kizazi ina milinganyo ya kipeo cha pili, logi, maumbo sawa na yanayofanana, nadharia ya Pythagoras na trigonometria. Texas logi zinafundishwa kwenye Aljebra ya Pili. Sisi tunachanganya aljebra na jiometri ndani ya somo moja, wao wanazigawa kwa miaka, na mtu wa ofisini asiyejua hilo hana pa kuanzia kulinganisha. Ni kazi yako kumwonyesha. Nenda na matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili kutoka NECTA (baraza la mitihani la Tanzania), ripoti za muhula, na hasa madaftari yake ya hesabu. Daftari lina nguvu kuliko cheti hapo, kwa sababu mwalimu wa hesabu akilifungua ataona kwa macho yake mtoto amefika wapi. Omba mkuu wa idara ya hesabu akutane naye, au apewe mtihani wa kumpima.

Wakisema hawana utaratibu huo, waulize kuhusu mtihani wa krediti. Sheria ya Texas inaruhusu mwanafunzi kupata krediti ya somo kwa mtihani. Kama alishafundishwa somo hilo mahali pengine, anahitaji alama 70. Kama hajawahi kufundishwa, 80. Kijana aliyefaulu vizuri hesabu za Kidato cha Pili na kusoma nusu ya Kidato cha Tatu anaweza kujiandaa wiki chache akaufanya, tatizo kubwa likiwa msamiati wa Kiingereza cha hapa na mazoea ya kutumia kikokotoo cha grafu. Hata akipewa krediti, uliza kwa maneno wazi kama bado anadaiwa mtihani wa STAAR wa Aljebra ya Kwanza, usije ukashtukizwa mwaka wa mwisho. Mlango ukifungwa kabisa, ipo njia nyingine: anasoma Jiometri na Aljebra ya Pili mwaka mmoja. Ni mzigo, lakini mtoto anayependa hesabu anaubeba.

Huenda utasema mwanao hataki uhandisi. Sawa. Kama moyo wake uko kwenye uuguzi, sheria au muziki, kalkulasi si lazima, na takwimu za kiwango cha AP zitamfaa zaidi. Lakini kijana wa miaka 15 hajui atataka nini akiwa na 18, na ngazi hii ukichelewa kuipanda huirudii kirahisi.

Kuhusu darasa lenyewe, hapo sitapigana nao. Kwa hesabu ya miaka alistahili darasa la kumi, na wazazi wengi wa kwetu huona kurudishwa nyuma ni kudhalilishwa. Mimi naona tofauti kwa mtoto kama wako. Darasa la tisa linampa miaka minne kamili ya kujenga rekodi, kuzoea lafudhi za walimu, kupanda ngazi ya hesabu hadi juu na kupata marafiki wanaoanza naye. Hata umri hautamzuia kwenye michezo: UIL, chama kinachosimamia mashindano ya shule za Texas, kinataka mchezaji awe hajatimiza miaka 19 ifikapo tarehe 1 Septemba, na yeye akianza darasa la kumi na mbili atakuwa na 18. Mwulize kocha mapema jinsi wanavyohesabu miaka ya sekondari aliyosoma Tanzania, kwa sababu chama hicho kina ukomo wa miaka minne ya kushiriki. Kwa hiyo kubali darasa la tisa, kataa masomo ya kurudia.

Kuna fomu moja uliyojaza siku ya kumwandikisha inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Kama uliandika Kiswahili, ulifanya haki, na sheria inataka mtoto apimwe Kiingereza. Wapo wanaoshauri udanganye ili asiwekwe kwenye Kiingereza cha wageni. Usifanye hivyo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, shule haiwezi kumwacha mtoto asiyekielewa Kiingereza akae tu darasani ikisema imemtendea sawa na wengine, na msaada huo ni haki yake. Akionekana anauhitaji, aupokee. Unachopaswa kulinda ni kitu kingine: Kiingereza chake kisitumike kumshusha hesabu na sayansi. Mtoto anaweza kuwa na saa moja ya msaada wa lugha asubuhi na Jiometri ya ngazi ya juu mchana, hakuna sheria inayozuia. Wewe pia, kama kwenye kikao cha shule maneno yanakupita, omba mkalimani wa Kiswahili. Dallas na Fort Worth zina Wakenya, Wakongomani na Watanzania wengi, na wilaya nyingi za shule zimeshazoea ombi hilo.

Kiswahili kina faida nyingine ambayo wazazi wetu hawaichukui. Zile krediti mbili za lugha nyingine si lazima zitokane na Kihispania. Ipo mitihani ya kimataifa ya umahiri inayopima Kiswahili, na baadhi ya wilaya huikubali kwa krediti. Vilevile majimbo yote ya Marekani sasa yana utaratibu wa kumtambua kwenye cheti mhitimu anayesoma na kuandika lugha mbili. Mtoto wako aliyeandika insha za Kiswahili tangu shule ya msingi yuko mbele hapo. Kama anakipenda Kihispania asome, lakini kama ni kujaza nafasi tu, nafasi hiyo inaweza kubeba kemia au kompyuta.

Sasa chuo kikuu. Texas ina sheria ya mwaka 1997 inayompa nafasi moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo mwanafunzi aliyemaliza ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake. Chuo kikuu cha Texas kilichoko Austin kimeruhusiwa kubana zaidi, na kwa wanaoingia 2026 kinachukua asilimia 5 ya juu. Hapa kuna jambo ambalo wauza nyumba za kitongojini hawakwambii: katika shule yenye ushindani mkali, mtoto mwenye alama nzuri sana anaweza kuwa wa 150 kati ya 650. Katika shule ya kawaida zaidi alama zilezile zingemweka wa 30. Sikwambii uhame. Shule yenu itampa walimu na maabara ambazo zitamsaidia baadaye. Nakwambia ili usije ukaumia mwaka wa mwisho ukidhani mtoto amezembea, na ili uelewe jinsi nafasi hizo zinavyohesabiwa. Wastani wa alama, yaani GPA, hubeba uzito zaidi kwa kozi za AP na nyingine za juu. Alama 88 ya AP mara nyingi huishinda 95 ya darasa la kawaida. Waulize kwa maandishi alama za Tanzania zitaingizwaje: je, zinahesabika kwenye nafasi ya darasa, au zinaandikwa tu kuwa amefaulu? Kila wilaya ina sera yake, na tofauti ni kubwa.

Ukitaka kuipima shule yenyewe, achana na nyota za mitandao ya wauza nyumba. Wakala wa elimu wa Texas hutoa kila mwaka ripoti ya kila shule iitwayo TAPR, bure. Isome kwa safu, usiishie kwenye jumla. Imegawanywa kwa makundi: wenye kipato kidogo, wanaojifunza Kiingereza, weusi, weupe, Waasia. Kama asilimia ya wanaofanya mitihani ya AP ni kubwa kwa shule nzima lakini ndogo sana kwa watoto wanaofanana na wako, umepata swali la kumwuliza mkuu wa shule. Usiangalie tu wangapi wamefanya, angalia wangapi wamepata 3 au zaidi kati ya 5, kwa sababu kwa kawaida hiyo ndiyo alama ambayo vyuo vya umma vya Texas hutolea krediti. Halafu tafuta sehemu inayoonyesha wahitimu walioingia vyuo vya Texas, na wangapi kati yao walimaliza mwaka wa kwanza bila kurudishwa kwenye kozi za kuziba pengo. Hiyo kwangu ndiyo namba ya kweli kuliko zote.

Jihadhari kidogo na kipimo wanachokiita utayari kwa chuo, kazi na jeshi. Mwanafunzi huhesabiwa yuko tayari kwa njia yoyote kati ya nyingi: alama za SAT (mtihani wa kuombea chuo), mtihani wa AP, kozi za chuo, cheti cha ufundi kinachotambuliwa, au kujiunga na jeshi. Zote ni njia halali. Ila asilimia 85 ya utayari inaweza kutokana na vyeti vya kompyuta vya wiki chache, au na kozi ngumu za chuo, na jumla haikuonyeshi ipi ni ipi.

Usizisahau kozi za pamoja na chuo cha jamii, ambazo mtoto anapata krediti ya sekondari na ya chuo kwa mpigo. Tangu sheria ya mwaka 2023, vyuo vilivyojiunga na mpango wa FAST haviwatozi chochote wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, wakiwemo wanaostahili chakula cha bure shuleni. Jazeni fomu ya chakula hata kama anabeba kutoka nyumbani.

Nije kwa baba. Mwambie mumeo kwamba hofu yake ina msingi, lakini Texas imeshaiwekea sheria tangu 1984. Mwanafunzi anayepata wastani chini ya 70 katika somo lolote (isipokuwa kozi za juu kama AP) mwishoni mwa kipindi cha alama hasimami uwanjani wala jukwaani kwa angalau wiki tatu. Anafanya mazoezi, hachezi mechi. Kwa vijana wengi kocha anakuwa mtu wa kwanza kuuliza alama za Kiingereza, kabla hata ya mzazi kuona ripoti. Na mtoto aliyehama nchi akiwa na miaka 15 anahitaji watu. Katika shule ya watu 2,500 anaweza kukaa mwezi mzima bila mtu kumwita jina. Timu ya soka na bendi ya gwaride zinampa meza ya kukaa wakati wa chakula, na hilo baba asilidharau.

Bendi ina gharama na saa nyingi. Mazoezi huanza kwenye jua kali kabla shule hazijafunguliwa, kuna ada za sare na safari, na Ijumaa za msimu wa vuli zote zinakwisha. Lakini inaweza kuhesabika kwa krediti ya sanaa, na msimu wa gwaride ukahesabika kwa mazoezi ya viungo, kwa hiyo haiibi nafasi kwenye ratiba kama inavyoonekana. Ningemshauri achague kimoja mwaka huu, ajaribu kingine mwakani. Na msiweke tumaini la ada ya chuo kwenye soka. Chini ya mchezaji mmoja kati ya kumi wa sekondari huishia kucheza mashindano ya NCAA ya vyuo, na wanaolipiwa ni wachache zaidi. Kama anapenda hesabu, mwambie pia UIL ina shindano la hesabu za kichwa: maswali 80, dakika 10, hakuna karatasi ya kufanyia kazi. Kijana aliyekariri majedwali ya kuzidisha Dar es Salaam atalifurahia sana.

Kuhusu uwanja: usikutishe wala usikuvutie. Mji wa Allen, hapo hapo kaskazini mwa Dallas, ulifungua mwaka 2012 uwanja wa shule wa viti 18,000 uliogharimu dola milioni 60. Fedha za majengo kama hayo hutokana na mikopo inayopigiwa kura na wakazi, na kisheria haziwezi kulipa mishahara ya walimu. Ni mifuko miwili tofauti. Uwanja unakueleza wakazi walikuwa tayari kukopa, haukuelezi nani anafundisha kemia.

Na kwa shemeji anayetaka ya kulipia: hapa mambo yamegeuka. Kodi ya majengo wanayotozwa wenye nyumba ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya shule, watu hununua nyumba kitongojini kwa ajili ya shule ya serikali, na wewe unailipia hata ukiwa mpangaji, ndani ya pango lako la kila mwezi. Shule ya binafsi inachagua inayemtaka, na haibanwi na wajibu wote wa kumsaidia anayejifunza Kiingereza. Fedha mnazotaka kujibana nazo ziwekeni kwa ajili ya chuo.

Makaunsela hugawiwa wanafunzi kwa herufi za majina ya ukoo, na chama chao cha kitaifa kinapendekeza wanafunzi 250 kwa kaunsela mmoja. Shule nyingi zimezidi hapo, kwa hiyo asiyekwenda hakumbukwi. Nenda wiki ya kwanza, kisha rudi Januari au Februari wanapopanga masomo ya mwaka unaofuata. Jambo moja zaidi ambalo limewagharimu Waswahili wengi: Texas inataka mwanafunzi awe amehudhuria asilimia 90 ya siku za somo ili apewe krediti. Mkienda Dar Desemba, rudini shule inapofungua.

Mdogo wake naye usimsahau. Kwa sheria ya 2023, mtoto wa darasa la tano anayeingia asilimia 40 ya juu katika hesabu za STAAR lazima awekwe hesabu za juu darasa la sita bila kuomba, na mzazi pekee ndiye anaweza kumtoa kwa maandishi. Matokeo yakitoka, yaangalie mwenyewe, na kama jina lake halimo kwenye orodha wakati alama zinamruhusu, piga simu siku hiyo hiyo.